Gol gavzaban ni dawa, lakini msisahau ini

Asante kwa makala kuhusu gol gavzaban, lile ua la zambarau ambalo Wairani hunywa chai yake kutuliza moyo na wasiwasi. Ila pale mwandishi anaposema "halina madhara kwa kuwa ni la asili", hapana. Hata sumu ya nyoka ni ya asili.

Kwanza, picha mliyoweka ni ya borage ya Ulaya, Borago officinalis. Ua la Wairani ni Echium amoenum, linalomea kwenye milima ya kaskazini mwa Iran. Ni wa ukoo mmoja, lakini ni mimea miwili tofauti.

Pili, ndani ya ua hilo la Wairani kuna alkaloidi za pirolizidini, kemikali za mimea ambazo zikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuumiza ini. Mjamzito, anayenyonyesha au mwenye ugonjwa wa ini asiliguse bila kumwona daktari.

Sisemi ni uzushi. Mwaka 2006 watafiti wa Iran walilijaribu kwa wagonjwa 35 wenye sonona (ugonjwa wa huzuni) nyepesi au ya wastani. Wiki ya nne waliotumia ua hilo walikuwa na nafuu kuliko wenzao wasiolitumia, lakini wiki ya sita tofauti haikuwa ya kutegemewa. Watu 35 tu, jamani!

Mmesahau pia utamu wenyewe: ndimu kavu za Oman. Ukiitia kwenye birika, asidi yake hugeuza chai ya zambarau kuwa nyekundu ya waridi. Kikombe kimoja siku ya mgeni, sawa. Birika zima kila usiku, mwaka mzima, mimi simo.