Woga wa mama kwa mtoto: onyo au jeraha?

Nyenje jike mwenye mayai aliwekwa pamoja na buibui mwindaji aliyezibwa meno kwa nta. Buibui aliweza kumnyatia na kumvamia, lakini si kumuua. Nyenje halei: hutaga na kwenda zake. Hata hivyo watoto wake, ambao hawakuwahi kumwona mama wala buibui yule, walikuwa wepesi kujificha kuliko wenzao, na walinusurika zaidi walipokutanishwa na buibui. Jaribio hilo la Jonathan Storm na Steven Lima, lililochapishwa mwaka 2010, huwapa nguvu wanaosema kwamba msongo wa mama ni salamu kwa mtoto: huko uendako kuna adui, jihadhari.

Naipenda hoja hiyo, na kwa sababu hiyo imenichukua muda kukubali kwamba haitoshi. Mwaka 2012 watafiti waliwatisha majike wa samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni kwa mfano wa mwindaji. Watoto wao walipokutana na mwindaji wa kweli, tahadhari yao ilikuwa duni, na waliliwa upesi kuliko watoto wa majike waliokaa kwa amani. Salamu ileile, matokeo kinyume.

Panya ndio wanaotuonyesha kinachotokea ndani. Kitoto cha panya cha siku chache ni kipofu, hakina manyoya, na masikio yameziba. Regina Sullivan na wenzake walikinusisha harufu fulani huku wakikipiga umeme mdogo. Badala ya kuikimbia harufu ile, kitoto kikajifunza kuisogelea! Inashangaza mpaka ukumbuke maisha ya kiotani: mama humkanyaga mwanawe, humburura, na kitoto kitakachomwogopa kitakosa maziwa. Kwa hiyo homoni za msongo hubaki chini, na amigdala, sehemu ya ubongo inayounganisha hofu na kumbukumbu, haishiriki katika somo hilo mpaka kwenye siku ya 10 hivi. Mchome kitoto homoni hiyo mapema, naye ataanza kuogopa kabla ya wakati.

Mama mwenye hofu anaweza kuufungua mlango huo bila sindano. Mwaka 2014 Sullivan na Jacek Debiec walionyesha kwamba jike aliyefundishwa kuogopa harufu ya mnanaa kabla ya kushika mimba aliwaambukiza watoto wake hofu hiyohiyo. Hata harufu ya mama aliyetishika, bila yeye mwenyewe kuwepo, ilitosha kuwafundisha.

Tuangalie basi mama aliyefadhaika kwa jambo lisilo na sura. Tallie Baram na wenzake huwanyima majike matandiko ya kutosha ya kiota. Mama anakuwa hatulii: ananyonyesha, anaondoka, anarudi, analamba kidogo, anaondoka tena. Katika maabara ya Michael Meaney huko Montreal ilionekana kwamba vitoto vinavyolambwa kwa nadra katika wiki ya kwanza hukua na vipokezi vichache vya homoni ya msongo kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuuzima msongo, yaani breki dhaifu. Ukivihamishia kwa mama mlezi anayelamba sana, vinakua vitulivu kama watoto wake wa kuzaa. Umleavyo ndivyo akuavyo, mpaka kwenye alama za kikemikali zinazobandikwa juu ya jeni.

Wanaosema msongo ni onyo wana jibu, na ni jibu zito: panya waliolambwa kidogo hujifunza vizuri zaidi mazingira yanapokuwa ya kutisha. Nakubali. Ila kujifunza kuogopa kwa wepesi kunafaa pale tu ambapo kuna kitu cha kukimbia. Nyenje alipewa adui mwenye sura, na kitoto cha panya kilipewa mnanaa. Mtoto wa mama asiye na kiota hakupewa jina la adui yeyote; alichopata ni malezi yaliyokatikakatika, na mwili unaoshtuka bila kujua unashtukia nini. Hapo sioni onyo, naona jeraha.

Nasisitiza hili kwa sababu wanyama wengi tulio nao mikononi huzalia kwenye mabanda na vizimba, mahali ambapo kinachomsumbua mama ni kelele, taa, msongamano na mikono ya watu, si mwindaji. Kisha kitoto kikitetemeka kila kinaposhikwa, tunasema ni damu yake, kabla hatujauliza mama yake alilala wapi wiki aliyozaa.