Leza ya Upepo Ilistahili Sifa Zaidi

Picha za usiku kutoka Paranal, kituo cha darubini jangwani Chile, hupendwa sana mitandaoni: mihimili minne ya rangi ya chungwa inachomoza kwenye darubini na kupanda angani. Hakosekani mtu wa kuuliza wanalenga sayari gani. Hawalengi sayari yoyote. Leza hizo, kila moja ya wati 22, kazi yake iko kilomita 90 hivi juu yetu, kwenye tabaka la sodiamu iliyoachwa na vimondo vilivyoungua. Sodiamu hiyo ikipigwa na mwanga wa leza hung'aa, ikawa nyota ya bandia. Kompyuta huangalia jinsi hewa inavyoitetemesha nyota hiyo, kisha hukunja kioo chembamba cha darubini hadi mara 1,000 kwa sekunde ili kuufuta mtetemo, nyota halisi zionekane vizuri.

Ufundi huo nauvulia kofia. Ila leza ninayoipenda mimi ni ya Aeolus, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Agosti 2018, ambayo hapa kwetu haikuvuma kabisa. Kwa mwanaastronomia hewa ni kero. Kwa Aeolus hewa ndiyo iliyofuatwa. Kutoka kilomita 320 juu ilipiga mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho, ikadaka ule mchache uliorudishwa na molekuli za hewa, vumbi na mawingu. Hewa ikienda, mwanga unaorudi hubadilika kidogo mno urefu wa wimbi, na humo ndimo kasi ya upepo ilimosomwa, tabaka kwa tabaka.

Tunahusikaje? Utabiri wa hali ya hewa huhitaji kuujua upepo wa juu, nao hupimwa zaidi kwa maputo na ndege za abiria. Afrika vituo vya maputo ni vichache, na katikati ya bahari hali ni mbaya zaidi. Tena karibu na ikweta ni vigumu kuukadiria upepo kutokana na mgandamizo wa hewa kama wafanyavyo Ulaya, kwa kuwa athari ya mzunguko wa dunia huku ni dhaifu. Kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha Ulaya kilipoanza kutumia data za Aeolus, Januari 2020, tropiki zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizonufaika zaidi.

Aeolus iliungua ikirudi duniani Julai 2023, na mrithi wake anatarajiwa miaka ya 2030. Hata hivyo maputo tuyaongeze, tena mapema: leza haipenyi wingu zito, na masika kwetu ni mawingu mazito matupu.