Mazoezi, njaa na mizani isiyosogea: ule kidogo au ule ya kutosha?

Watu wanaopunguza mwili wamegawanyika makundi mawili na kila siku ni ubishi uleule. Kundi la kwanza linasema kama unapiga mazoezi na mizani haisogei basi ongeza chakula, eti unakula kidogo mno mpaka mwili umeona njaa umeamua kung'ang'ania mafuta. Kundi la pili linacheka, linasema hamna kitu kama hicho, ukila kidogo unapungua na kama hupungui ujue hesabu zako ni za uongo. Mimi naona kundi la kwanza lina ushauri mzuri ila sababu waliyoishika sio, na la pili sababu wanayo, tatizo ni ushauri wanaoutoa baada ya hapo, ndio unaoumiza watu.

Tuanze na hiyo ya mwili kugoma. Mwaka 1944 kule Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys alichukua wanaume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, na mwaka uliofuata akawalisha kama kalori 1,570 kwa siku kwa wiki 24 huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kila wiki. Yaani ndio hali yenyewe tunayobishania, chakula kidogo na mwili unafanya kazi. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Mwili haukugoma, ulimalizwa tu. Na kuna kijana wa Scotland, Angus Barbieri, mwaka 1965 na 1966 alikaa siku 382 bila chakula, madaktari wakimfuatilia na kumpa vitamini na madini, akatoka kilo 207 hivi mpaka 82. Jamani asiige mtu, hii ni hatari kweli, watu wengine waliofungishwa hivyo miaka ile walikufa. Ninachosema ni kwamba kama kula kidogo kungeweza kuzuia mafuta kuungua kabisa, huyu asingepungua hata kilo.

Sasa kundi la pili wasishangilie mapema. Hao wanaume wa Minnesota, nguvu ambayo miili yao ilitumia wakiwa wamepumzika ilishuka kama asilimia 40. Sehemu ni kwa sababu mwili ulikuwa mdogo, mwili mdogo unatumia kidogo, lakini sehemu nyingine ni mwili wenyewe kubana matumizi. Na mwaka 2016 ulitoka utafiti wa washiriki 14 wa shindano moja la televisheni la kupunguza uzito Marekani, wale wa mazoezi masaa kwa masaa na chakula kiduchu, miaka sita baadaye miili yao ilikuwa inachoma kama kalori 500 kwa siku chini ya ilivyotegemewa kwa watu wa ukubwa wao. Mia tano sio mchezo, na wengi wao uzito ulisharudi. Kwa hiyo kupunguza matumizi mwili unapunguza, na unaweza kukomaa hivyo muda mrefu, ila kupunguza matumizi na kugoma kabisa ni vitu viwili tofauti na watu wanavichanganya kila siku.

Haya, mbona basi kuna mtu anaapa anakula kalori 1,000, anakimbia, na mizani iko palepale mwezi mzima? Hapa kuna majibu mawili na la kwanza halipendwi. Mwaka 1992 watafiti New York walichukua watu waliokuwa wanasema hivyohivyo, kwamba wanakula chini ya 1,200 na hawapungui, wakawapima kwa vipimo vya maabara sio kwa kuwauliza. Ikaonekana kwa wastani walikuwa wanaripoti chakula pungufu kwa asilimia 47 na mazoezi wanayazidisha kwa asilimia 51. Umetaboli wao, yaani kasi ya mwili kuchoma nguvu, ulikuwa wa kawaida tu. Na sio kwamba walikuwa waongo, kuhesabu chakula ni kazi ngumu, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120 na hakuna anayekumbuka kama alimimina kimoja au viwili na nusu, bado kuonjaonja jikoni, bado kumalizia sahani ya mtoto.

Jibu la pili ni maji, na hili naona linasahaulika sana. Mtu akianza mazoezi mapya misuli inavimba kidogo kwa ndani ikijijenga, halafu inaweka akiba ya sukari, glaikojeni, na kila gramu yake inakaa na kama gramu tatu za maji. Wanawake wanaongeza na mabadiliko ya mwezi ya homoni, kilo moja au mbili inakuja na kuondoka. Kwa hiyo unaweza ukawa umepoteza kilo nzima ya mafuta na mizani isikuambie kitu. Ndio maana pia yule anayesema niliongeza chakula na kilo zikashuka sio lazima awe mwongo, huenda alipumzika, maji yakatoka, akashukuru chakula.

Mpaka hapo kundi la pili linaongoza. Linapokosea ni pale linaposema basi shusha tu, kula 1,200, kula 1,000, hesabu ndio hesabu. Tuchukue mfano tuone hesabu yenyewe. Dada wa miaka 32, kilo 75, urefu sentimita 165. Ile fomula ya Mifflin na St Jeor ya mwaka 1990, ambayo programu nyingi za simu zinaitumia, inasema uzito mara 10, jumlisha urefu mara 6.25, toa umri mara 5, kwa mwanamke toa tena 161. Inakuja 1,460, hiyo ni ya kulala tu na kupumua. Ukiweka na shughuli ndogondogo za siku, zidisha kwa 1.4, unapata kama 2,045. Ni makadirio, yanaweza kukosea asilimia kumi juu au chini, ila yanatosha kuanzia.

Programu imemwambia ale 1,200. Anakimbia kilomita 5 mara nne kwa wiki, dakika 35 kila mara, na mashine inamwandikia kalori 450. Kukimbia kunakula takriban kalori moja kwa kila kilo kwa kila kilomita, kwa hiyo kwake ni 375, na humo kuna kama 35 ambazo angezitumia hata angekaa kwenye kiti. Faida halisi ya zile mbio ni 340 hivi. Gawanya mbio nne kwa siku saba, kwa wastani anatumia karibu 2,240 kwa siku. Anakula 1,200. Upungufu ni zaidi ya 1,000 kila siku, karibu kilo moja kwa wiki kwa ile hesabu ya kalori 7,700 kwa kilo ya mafuta, yaani asilimia 1.2 na ushee ya uzito wake.

Ukiliangalia hivyo unaona ni zuri, nani hataki kilo kwa wiki. Ila swali ni kilo ya nini. Mwaka 2011 wanamichezo wa Norway waligawanywa, wengine wapungue asilimia 0.7 kwa wiki, wengine 1.4, wote wananyanyua vyuma. Mwisho wa zoezi uzito uliotoka ulikuwa karibu sawa, lakini wa polepole waliongeza misuli asilimia 2.1 huku wanapungua, wale wa haraka misuli haikuongezeka. Hao ni wanamichezo, wananyanyua, wana wataalamu wa lishe pembeni. Dada yetu anakimbia tu, hagusi uzito, na kwenye kalori 1,200 protini mara nyingi ndiyo ya kwanza kupungua, kwa hiyo hali yake itakuwa mbaya kuliko ya wale.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu za karatasi hazilioni. Mtu mwenye njaa anatulia. Hapandi ngazi, hasimami simu ikilia, anakaa, analala mapema, hata kutikisa mguu anaacha, na wala hajui kama ameacha. Zile 2,045 zinaweza kuwa 1,850 bila yeye kujua. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake mwaka 2012 walipima Wahadzabe, wawindaji wa Tanzania wanaotembea sana kila siku, wakakuta nguvu wanayotumia kwa siku, ukizingatia ukubwa wa mwili, haipishani na ya watu wa Marekani na Ulaya wanaokaa ofisini. Bado wanabishana maana yake hasa, ila kwa mtu wa kawaida ujumbe ni kwamba mwili unajua kufidia, ukiuchosha huku unabana kule.

Halafu kichwa. Wale wanaume wa Minnesota walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani, wakawa wakali, wanasikia baridi muda wote, hamu ya mapenzi ikaisha. Waliporuhusiwa kula wengine walikula mpaka wakaumwa na bado wanasikia njaa. Huyo ni yule mtu wa Jumatatu mpaka Alhamisi 1,200, Ijumaa mpaka Jumapili hataki hata kuhesabu. Akipiga wastani wa wiki anakuta anakula 1,900, na anaamini kabisa kwamba yeye ni mtu wa 1,200 asiyepungua! Huyu ukimwambia ongeza mpaka 1,650 kila siku atapungua, na kundi la kwanza litasema umeona, mwili uliacha kuogopa. Hapana, ameacha kufakamia wikiendi.

Hiyo 1,650 sijaitoa hewani. Dada yetu akitaka kwenda na asilimia 0.7 kwa wiki ni kama gramu 525, sawa na upungufu wa 577 kwa siku, toa kwenye 2,240 unabaki na 1,660 hivi. Ni tofauti ya kalori 450 na alichoambiwa na simu yake, na bado anapungua zaidi ya kilo mbili kwa mwezi. Mimi ningemwambia pia mbio mbili kati ya nne azigeuze kuwa vyuma na protini aipandishe. Kwenye utafiti mmoja wa Canada wa 2016 vijana 40 walikatwa chakula asilimia 40 kwa wiki nne wakifanya mazoezi makali, waliokula gramu 2.4 za protini kwa kilo ya uzito walipoteza kilo 4.8 za mafuta na kuongeza kilo 1.2 za misuli, waliokula nusu ya hiyo walipoteza 3.5 za mafuta na misuli haikusogea. Sio lazima afike 2.4, lakini kubaki chini kabisa ni kujipunja.

Na zile kalori za mazoezi, unazirudisha mdomoni au huzirudishi? Hapa ndipo ugomvi mkubwa ulipo. Kama kadirio lako la siku tayari lina mazoezi ndani, kama hili nililofanya hapa, huzirudishi, umeshazila. Kama programu imekupa namba bila mazoezi, basi kurudisha kiasi ni haki yako, ila usiamini namba ya saa ya mkononi. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2017 walijaribu aina saba za saa hizo, mapigo ya moyo nyingi zilipima vizuri, kalori ile iliyojitahidi kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na ya mwisho 93. Nusu ya kilichoandikwa naona ni pa kuanzia pazuri, angalia wiki tatu nne halafu rekebisha.

Wapo ambao kula kidogo sana kumewafaa, na hilo lazima lisemwe. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, matokeo yake ya 2017, watu wenye kisukari aina ya pili walikaa na kalori 825 mpaka 853 kwa siku kwa miezi mitatu mpaka mitano, na baada ya mwaka karibu nusu, asilimia 46, kisukari kilikuwa kimetulia bila dawa. Lakini walipewa lishe iliyopimwa, wauguzi na madaktari wako nao, dawa zinarekebishwa. Ukiichukua 850 hiyo nyumbani peke yako na mbio juu yake ni kitu kingine kabisa. Na kwa mtu mfupi, mwepesi, mwenye umri mkubwa, 1,300 inaweza kuwa ndiyo chakula cha kutosha kwake, asitishwe.

Walio hatarini zaidi ni wale ambao hawana mafuta mengi ya kupoteza na bado wanakimbia. Wataalamu wa michezo wana kipimo: chukua ulichokula, toa mazoezi, gawanya kwa kilo za mwili zisizo mafuta. Ikishuka chini ya 30 ni hatari, kwenye utafiti homoni za uzazi za wasichana wenye uzito wa kawaida zilianza kuyumba ndani ya siku tano tu. Dada yetu siku ya mbio akila 1,200, tukisema ana kilo 48 zisizo mafuta, yuko kwenye 18. Kwa 1,650 anafika 27, bado chini, ila yeye ana akiba ya mafuta ya kumsaidia na wale wasichana hawakuwa nayo. Msichana wa kilo 52 akifanya hivyo hana kinga hiyo. Hedhi ikikata miezi mitatu, ukiumia mfupa kwa mbio za kawaida, ukiwa unasikia baridi wakati wenzako wana joto, hapo suala sio la mizani tena, ni la daktari, na mbio zisimame mpaka chakula kirudi.