Tuma Hela Kwanza, Bosi

Mswahili akiwa Kariakoo ni mkaguzi wa serikali. Nyanya za mia tano anazigeuza moja moja, anaomba nyongeza, chenji anaihesabu mara mbili. Sasa mpe simu yenye bando! Kaona picha ya kiatu, chini imeandikwa "bei DM", tayari kaituma 85,000 kwa namba ya mtu asiyemjua. Hela ikishaondoka ndipo anauliza, "Samahani dia, duka lenu liko wapi?"

Jamani, kabla ya kulipa jiulize kitu kimoja: mzigo usipofika, nani ana uwezo wa kunirudishia hela?

Ukituma kwenye namba binafsi, jibu ni hakuna. Utapiga 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, sawa, na ukiwahi kabla yule bwana hajatoa kwa wakala, hela inaweza kuzuiwa. Lakini huduma ile ya kurudisha muamala imewekwa kwa aliyekosea namba, si kwa aliyekosea kumwamini mtu. Na wewe huwahi. Wewe kwanza unaomba ushauri kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Lipa Namba, ile namba ya malipo ya biashara, ina unafuu. Jina lililosajiliwa linatokea kwenye kioo kabla hujaweka namba ya siri. Linatokea ili lisomwe! Ukurasa unauza magauni, jina linasema spea za pikipiki, na mtu anabonyeza tu kama anafukuzwa. Likitofautiana, simama, uliza. Tapeli naye anaweza kuwa na Lipa Namba, sikatai, ila muuzaji anayeikwepa na kung'ang'ania "tuma kwa namba ya shangazi, ile ya duka ina shida" ameshajieleza.

Kulipa mzigo ukifika ndiyo njia ya watu wenye akili, sharti ufungue kwanza. Hapo utaonana na bodaboda: "Bosi, mimi nimeambiwa mzigo usifunguliwe." Basi arudi nao! Makubaliano ya kufungua yaandikwe kwenye meseji kabla hajawasha pikipiki. Kama ni simu, iwashe, bonyeza *#06#, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, na ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090, namba ya kuhakiki simu. Jibu likitaja aina nyingine ya simu, usianze kubishana na bodaboda, yeye kalipwa nauli tu. Walio mikoani ndio wanaoteseka, maana muuzaji anatuma picha ya risiti ya basi, na picha ya risiti hata ya mwaka jana ni picha. Tafuta binamu yako wa Dar akakague, si kila siku yeye anaomba vocha.

Kwa maduka ya nje kuna kadi. Watu wanachukua kadi ya akaunti ya mshahara, tarakimu 16 na zile 3 za nyuma, wanamwaga kwenye tovuti waliyoijua dakika kumi zilizopita. Eti ina alama ya kufuli! Kufuli linasema tu kwamba mawasiliano yako na tovuti hayasomwi njiani. Tapeli naye ana kufuli.

Fungua kadi ya mtandaoni kwenye pochi ya simu au benki yako, uijaze kiasi cha bidhaa tu. Usijaze kamili kabisa, maana kiwango cha dola na makato vitakuangusha na malipo yatakataliwa. Ongeza kama asilimia 5. Baada ya hapo iache tupu, ili ile "jaribu bure siku 7" ikija kujikata yenyewe ikute jangwa. Ila kadi usiifute kabla mzigo haujafika, kwa sababu marejesho hurudi kwenye kadi ileile iliyolipa. Mzigo usipofika, fungua malalamiko mapema kwa aliyekupa kadi, ukiwa na risiti na meseji zote. Muda wa kulalamika una mwisho.

Halafu kuna huyu mstaarabu wa mwisho, anayepiga baadaye: "Tunakurejeshea fedha zako, utaona ujumbe, weka namba ya siri kuthibitisha." Kupokea hela hakujawahi kuhitaji namba ya siri! Ujumbe ule unaomba kukukata, na kiasi kimeandikwa palepale, ungesoma. Akikutumia meseji, isambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, utaulizwa namba iliyoituma, iandike. Ukimaliza, ndipo uende kwenye kundi la ukoo.