Minara ya taa ya zamani: watu wapande au waitazame kutoka chini tu?

Kila mnara wa taa wa zamani, ile ya kuongozea meli, ukifunguliwa kwa wageni lazima ubishi uibuke: watu waachwe wapande mpaka juu kwenye taa, au wauangalie kwa nje tu ili udumu? Mimi niko upande wa kupanda, ila wanaosema ufungwe wana hoja nzito na hatuwezi kuzipita juujuu.

Hii minara haikujengwa kwa ajili ya umati. Ilijengewa walinzi wachache, ngazi zake nyembamba zinazunguka, mara nyingi ni za chuma, na chuma kikikaa miaka zaidi ya mia kando ya bahari chumvi inakila taratibu. Cape Hatteras kule Marekani, mnara wa 1870, kuna kipande cha ngazi kilikatika 2001 ikabidi wafunge, mpaka 2003 ndo watu wakaanza kupanda tena. Na ndo huohuo walikuwa wameshauhamisha mzima mzima 1999, zaidi ya mita 800, maana bahari ilikuwa inamega ufuo. Jasho lote lile halafu uje umalizwe na viatu vya wageni, kiukweli inauma.

Halafu kuna lenzi. Zile za Fresnel, Mfaransa aliyezibuni, ya kwanza iliwashwa 1823 kwenye mnara wa Cordouan, ulio baharini Ufaransa, ni pete juu ya pete za vioo vilivyokatwa kwa hesabu kali ili mwanga wa taa moja tu ya mafuta ukusanywe na kurushwa mbali baharini, sasa mtu anageuka na begi la mgongoni kwenye kile chumba kidogo, kioo kinameguka, na kukipata kingine kama kile ni kazi. Baadhi zilikuwa zinaelea kwenye zebaki, lenzi ya matani unaisukuma kwa kidole inazunguka, na zebaki ni sumu, sio kitu cha kukaa karibu na watoto.

Sawa, lakini ukifunga unapata nini? Walinzi walishaondolewa taa zilipoanza kujiendesha, Uingereza wa mwisho aliondoka 1998. Yule mlinzi ndo alikuwa anaona ufa ukiwa bado mdogo. Jengo lisiloingiwa na mtu unyevu unalitafuna kimyakimya, na bila viingilio hela ya rangi na kutu inatoka wapi?

Cordouan naona wamepatia: bado kuna walinzi wanaokaa humo, unafika kwa boti kulingana na maji kujaa na kupwa, ndo unapanda ngazi 301. Bahari yenyewe inapunguza foleni. Minara iliyopo nchi kavu haina bahati hiyo, kwahiyo idadi ya wanaopanda aiamue fundi anayekagua ngazi, sio anayekata tiketi, na upepo ukizidi wafunge warudishe hela hata kama watu wameshajipanga. Hatteras mtoto wa chini ya sentimita 107 alikuwa hapandi, na kumbeba ilikuwa hairuhusiwi, wazazi walikuwa wanakasirika ila mimi naona ilikuwa sahihi kabisa, ile ngazi ukiteleza na mtoto mkononi mnaenda wote.

Na wasioweza kupanda wasisahaulike. Lenzi nyingi zimeshashushwa na mahali pake pakawekwa taa za umeme, basi hizo lenzi ziwekwe chumba cha chini, nyuma ya kizuizi, mtu wa magongo azizunguke kwa muda wake na aone kila pete.