Tuache kumwambia mtoto "puuza tu"

Jamani hii kitu imenikera na sitanyamaza. Mtoto wa shangazi yangu anasoma India, juzi katuma voisi kwenye grupu la familia, sauti ya mtu aliyetoka kulia, anasema kapanda basi akakaa, dada wa siti ya pembeni akanyanyuka huku kaziba pua, vijana wa nyuma wakaanza kutoa milio ya nyani, mmoja anamrekodi na simu, na basi zima hakuna aliyesema neno.

Majibu ya grupu sasa. Puuza mwanangu. Umeenda kusoma, soma. Muombe Mungu. Mjomba mmoja akauliza kwani alikuwa kavaaje. Baadaye mtu akatuma picha ya samaki anaouza, migebuka, na mazungumzo yakaishia hapo.

Apuuze vipi wakati kesho asubuhi anapanda basi lile lile? Ukimwambia apuuze unajipa nafuu wewe, yeye unamwacha peke yake na lile jambo, na siku nyingine hatawaambia tena. Ndo hicho ninachokiogopa kuliko matusi yenyewe, mtoto anaumia mbali huko na sisi tunaona statasi zake anacheka tunasema yuko poa. Hapa Ujiji mtu akifiwa hakuna anayempigia simu kumwambia asahau, tunatandika mkeka tunakaa naye, wengine wanakaa kutwa nzima hawajasema zaidi ya pole. Huyu naye kaumizwa. Apigiwe, aachwe aongee mpaka amalize, aulizwe kama kala, kama kalala, nani yuko karibu naye. Na aaminiwe. Habari ya nguo inaingiaje?

Na sisi watu wa Kigoma ndo tulitakiwa kuwa wa kwanza kuelewa! Wangapi hapa tumeitwa Warundi ndani ya nchi yetu, unashushwa kwenye basi la kwenda Dar unaulizwa babu yako kazaliwa wapi, kitambulisho kinageuzwa huku na huku, ukirudi kwenye siti abiria wote wanakuangalia. Halafu baadhi yetu maneno hayo hayo tunawatupia wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu. Inauma sana.

Wanaosema kulalamika hakusaidii wakumbuke mji wa Bengaluru huko huko India, mwisho wa Januari 2016. Binti wa Kitanzania, mwanafunzi, kundi la watu lilimpiga na kumchania nguo barabarani kwa sababu Msudani ambaye binti hata hakumfahamu alikuwa kagonga na kuua mama kwa gari muda mfupi kabla. Kuna viongozi wa kule waliosema huo si ubaguzi wa rangi. Lakini yule binti alisema, wanafunzi wa Kiafrika wakasimama naye, balozi wetu akatoka New Delhi akaenda kule, watu wakakamatwa, na baadhi ya polisi wakasimamishwa kazi. Angepuuza ingekuwaje?

Kwahiyo mtoto aandike, leo leo kabla hajasahau: tarehe, saa, namba ya basi, maneno yaliyosemwa, nani aliona. Meseji za matusi apige skrinshoti, asifute. Kama kaguswa mwili aende hospitali apewe karatasi, polisi asiende peke yake. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni pale chuoni, umoja wa Watanzania, ubalozi, wote wapate barua ile ile ili asije mmoja akasema hakujua.

Haya, kuna saa kunyamaza ni akili, hilo nakubali. Wako sita, wewe uko peke yako, usiku, hapo shuka kituo kinachofuata ukimbilie penye watu. Ila ukishafika salama, sema.

Na akiwa halali, chakula hakipandi, darasani kaacha kwenda, maombi yaendelee lakini atafutiwe na mshauri, vyuo vingi vinao na si lazima uwe kichaa ndo uende. Mama yake nimemwambia ampigie kila jioni amuongeleshe Kiha hata kama ni habari za majirani tu. Akisema anataka kurudi Kigoma, arudi. Habari za ada tutaziongea akishakula na kulala.