Undugu tunao, michango je? Hesabu ya jamii moja ya Afrika

Kanuni ya tatu kutungwa na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, mwaka 1958, haikuhusu bendera wala wimbo. Ilihusu mafao ya wafanyakazi wanaohama nchi. Miaka miwili nyuma yake, Agosti 1956, moto katika mgodi wa makaa ya mawe wa Marcinelle, Ubelgiji, ulikuwa umeua watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitaliano. Maandalizi ya utaratibu wa mafao yalikuwa yameshaanza kabla ya ajali, lakini ajali inatosha kuonyesha kanuni ile ilimlenga nani: mchimbaji anayekatwa michango Ubelgiji huku mke na watoto wako Italia.

Mjadala wa Afrika moja huanzia juu kabisa. Addis Ababa, Mei 25, 1963, nchi 32 zilipounda OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Kwame Nkrumah wa Ghana alitaka serikali ya bara zima. Julius Nyerere alitaka twende hatua kwa hatua, kanda kwa kanda. Mwaka uliofuata, Cairo, wakuu wa nchi wakakubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Zaidi ya miaka 60 baadaye bado tunabishana kwa maneno yale yale: shirikisho lini, sarafu lini. Swali ninaloliona kubwa zaidi ni dogo kwa sura: mtu akivuka mpaka, ni kipi chake kinavuka naye?

Anayeamini jamii moja inawezekana ana ushahidi, na haupo kwenye hotuba. Nenda Namanga. Zamani abiria wa basi la Arusha kwenda Nairobi alishuka mara mbili, kugonga muhuri wa kutoka upande wa Tanzania na wa kuingia upande wa Kenya. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe Desemba 2018, anapita upande anakotoka bila kusimama. Maofisa wa nchi zote mbili wako jengo moja, upande anakoingia: dirisha la kwanza anagongewa kutoka, la pili kuingia. Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, ingawa Tanzania haikuingia kwenye mpango huo. Na Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi.

Anayepinga hukimbilia lugha na makabila, na hapo ndipo hoja yake ilipo dhaifu. Msemaji wa Kinyarwanda na wa Kirundi wanaelewana bila mkalimani, lakini Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Uswisi ina lugha nne za taifa na mambo yanakwenda.

Hoja nzito ya wapinzani ni kwamba undugu wetu hauhimili ukata. Nchi za Afrika Magharibi zilisaini itifaki ya watu kutembea huru Mei 1979, siku 90 bila viza. Mapato ya mafuta yalipoporomoka, Januari 1983 Nigeria iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke, na wengi wao walikuwa Waghana. Ule mfuko wa plastiki wa mirabamiraba tunaouita shangazi kaja, huko mpaka leo unaitwa Ghana Must Go, yaani Mghana lazima aondoke. Kisheria Nigeria ilikuwa na pa kusimamia, maana siku 90 za wengi zilishapita. Isitoshe, Ghana yenyewe ilikuwa imewafukuza Wanigeria mwaka 1969.

Kwetu mfano wa karibuni ni wa Julai 2025. Tanzania ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na kuongoza watalii. Kelele za Kariakoo zilikuwa hasa juu ya Wachina, ila amri iliwazoa na Wakenya na Waganda, ambao Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inawapa haki ya kufungua biashara nchi yoyote mwanachama. Kwa maoni yangu amri ilikosea. Hofu iliyoizaa lakini si ya kubuni: kijana mwenye kibanda cha uwakala hana pa kurudi nyuma, na hakuna aliyemwonyesha yeye atapata nini Nairobi au Kampala.

Kongo na Rwanda sitazirefusha. Zote ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025. Jumuiya ilipeleka kikosi chake mashariki mwa Kongo mwishoni mwa 2022. Mwaka mmoja baadaye kikaondoka, Kinshasa ikiwa imekichoka.

Turudi kwenye mafao, maana hapo ndipo tofauti na Ulaya inapoonekana kwa namba. Chukua fundi umeme aliyechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, miaka 12, kisha akachangia mfuko wa Uganda miaka 9. Tanzania inadai miezi 180 ya michango ili mtu apate pensheni ya kila mwezi. Yeye anayo 144, kwa hiyo anaambulia mkupuo. Kwa utaratibu wa Ulaya, miezi ya nchi zote ingejumlishwa: 144 na 108 ni 252, ameshavuka. Tanzania ingepiga hesabu ya pensheni kana kwamba miezi yote 252 ameitumikia kwake, kisha ingemlipa sehemu yake tu, 144 juu ya 252, karibu asilimia 57. Hakuna nchi inayombebea mwenzake mzigo.

Mbona sisi hatufanyi hivyo? Itifaki ile ya Soko la Pamoja ililiachia Baraza la Mawaziri la Jumuiya litunge taratibu. Ugumu mmoja ni wa kiufundi kweli: mfuko wa Uganda ni mfuko wa akiba. Mchangiaji analipwa alichoweka na riba yake kwa mkupuo, hakuna kikokotoo cha pensheni ya mwezi wala kima cha chini cha miezi. Kujumlisha miezi na salio la akiba ni kama kujumlisha kilo na lita. Linatatulika, kwa mfano miezi ya Uganda ihesabiwe Tanzania kwa ajili ya kuvuka ile 180 tu, na Uganda iendelee kulipa mkupuo wake. Lakini linahitaji mifuko kubadilishana kumbukumbu za wanachama, jambo lisilompa kiongozi yeyote picha ya kukata utepe.

Upande wa bidhaa, karatasi ipo, na inaanguka mwishoni. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 hujaza cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani, ofisa wa forodha anagonga, ushuru wa forodha unaondoka. Masharti: bidhaa iwe kwenye orodha, na iwe imelimwa au kutengenezwa ndani ya Jumuiya. Hapo wengi hukwama. Simu zilizonunuliwa Kariakoo zikiwa zimetoka China hazihesabiki, hata risiti iwe ya Dar es Salaam. Cheti hakifuti VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Nafaka inataka pia cheti cha afya ya mimea, na ofisi ya cheti hicho si lazima iwe mpakani. Mama mwenye magunia matatu akipiga hesabu ya nauli na siku iliyopotea, njia ya panya inakuwa nafuu.

Na cheti kinaweza kukataliwa kwa usiku mmoja. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Siku chache baadaye ikalegeza, kwa sharti la cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo. Kipimo hicho hakikuwa kigeni, ni cha kiwango cha Jumuiya nzima, pamoja na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yanayoanikwa chini kwenye udongo na kufungwa kabla hayajakauka hayafiki hapo, iwe Kibaigwa, Tanzania, au Kitale, Kenya. Tatizo lilikuwa la shambani pande zote. Jibu likawa geti.

Ndiyo maana siwaafiki wanaotaka sarafu moja ya Afrika Mashariki itangulie. Itifaki yake ilisainiwa 2013 kwa lengo la 2024, lengo likasogezwa hadi 2031. Ningeanza na michango na magunia matatu ya yule mama. Kwa bara zima hali ni changa zaidi: itifaki ya Umoja wa Afrika ya watu kutembea huru, ya Januari 2018, inahitaji nchi 15 kuiridhia, na hadi 2024 zilikuwa 4, yaani Rwanda, Niger, Mali na São Tomé na Príncipe. Wakuu wa nchi walishapigwa picha na pasipoti ya Afrika tangu 2016.

Mpinzani ana karata moja ya mwisho, na siwezi kuipuuza. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilikuwa na reli moja, bandari, posta na ndege za pamoja, ikavunjika 1977. Mgawanyo wa mali ulisainiwa Arusha Mei 1984 baada ya usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, na kila nchi ikabeba jukumu la kuwalipa wastaafu walio raia wake. Tanzania, wazee hao waliendelea kudai mafao yao mahakamani na mitaani Dar es Salaam zaidi ya miaka 20 baada ya saini hizo. Atakayemwendea fundi umeme wa leo na mpango wa michango ya kikanda, ajiandae kuulizwa kwanza habari zao.